Jinsi Bahari Yetu Ilivyopimwa

Mto Nzoia, unaonywesha mashamba ya Trans Nzoia na Bungoma, haufiki Mombasa. Huteremka kutoka milima ya Cherangani na Elgon, ukapita Webuye, ukamwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Na kutoka huko maji hayo hushika njia ya Nili hata yakaishia katika Bahari ya Mediterania, mbali kabisa na nchi yetu. Basi mtoto aliyezaliwa Kitale au Bungoma aweza kuishi hata uzeeni asiione Bahari ya Hindi, wala tone la maji ya mto wake lisiiguse. Ndiyo maana sikushangaa siku moja, nilipokuwa nikifundisha historia ya Mwambao katika kidato cha tatu mjini Kitale, mwanafunzi mmoja aliponyosha mkono akauliza: "Mwalimu, bahari ni ya nani? Na sisi wa huku juu yatuhusu nini?"

Swali la pili ni jepesi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, kisha njia nyingine ikapita Bungoma kwenda Uganda, na tawi lake likafika Kitale mwaka 1926. Siku hizi mizigo mingi huja kwa malori, na yeyote aliyesimama kando ya barabara ya Webuye ameyaona yakifuatana kwenda Malaba. Mbolea tunayopandia mahindi na mafuta yanayoendesha matrekta yetu yamepita Kilindini kabla ya kutufikia.

Swali la kwanza ndilo gumu. Jibu lake lina historia ambayo wengi wa nchi hii hawaijui, ingawa Mkenya mmoja ana sehemu kubwa ndani yake.

Watu wa Kitale wanajua vema maana ya kupimiwa ardhi. Mashamba ya wilaya hii yalipimwa kwa ajili ya walowezi, yakatiwa vigingi, na baada ya uhuru yakapimwa tena na kugawanywa. Kigingi kikisogezwa hatua mbili usiku, kesi yake yaweza kudumu miaka kumi. Lakini bahari haitiwi kigingi. Samaki aliye upande huu asubuhi yuko upande ule jioni, na mahali pamoja paweza kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja: meli ikapita juu, nyavu zikawa katikati, na chini kabisa, juu ya sakafu ya bahari, ukalala waya wa simu kama ile iliyofikishwa Mombasa mwaka 2009. Kupanga bahari si kugawa viwanja tu. Ni kusema nani atumie nini, wapi, kwa kina gani, na katika majira gani ya mwaka.

Isidhaniwe kwamba kabla ya kuja vipimo vya Wazungu bahari ilikuwa haina mpango. Watu wa Lamu, Pate, Malindi, Vanga na Pemba walikuwa na kalenda yao, na mwenye kuipanga alikuwa upepo. Kaskazi ivumapo, tangu karibu Novemba hata Machi, bahari hutulia. Wakati huo majahazi yalikuja kutoka Arabuni na Bara Hindi, na wavuvi walitoka nje ya mwamba kwenda maji makuu. Kusi iingiapo, bahari huchafuka. Mwenye mtumbwi au ngalawa hubaki ndani ya mwamba, akatega dema, akajenga uzio, akavua kwa mshipi. Kila mji ulikuwa na diko lake, yaani mahali pa kupandishia vyombo na kushushia samaki, na wavuvi wageni waliokuja kupiga dago, yaani kukaa kambini kwa majira, walipaswa kwanza kuwaona wazee wa mahali. Hapakuwa na ramani wala hati. Mvuvi alijua mahali alipo kwa kulinganisha mti mrefu wa pwani na kilima kilicho nyuma yake, na ujuzi huo baba alimwachia mwana. Nautaja mpango huu kwa urefu kwa sababu tutakutana nao tena mahakamani, miaka mingi baadaye.

Huko Ulaya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1609 Mholanzi Hugo Grotius aliandika kwamba bahari ni huru, haimilikiwi na mfalme yeyote. Kwa Waholanzi wa wakati ule neno hilo lilikuwa na faida, maana walitaka kufanya biashara Mashariki ambako Wareno walidai njia zote kuwa zao. Baadaye ilikubaliwa kwamba nchi imiliki maji yaliyo karibu na pwani yake kwa kadiri ya mwendo wa risasi ya mzinga, na mwendo huo ukahesabiwa kuwa maili tatu. Mizinga ilizidi kuwa na nguvu mwaka hata mwaka, lakini maili zikabaki tatu. Nadhani sababu yake si ngumu kuiona: nchi zenye meli nyingi za vita na za biashara zilipendelea kwamba sehemu ya kila mtu iwe ndogo, na sehemu isiyo ya mtu iwe kubwa.

Twaweza kuiona fikra hiyo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziliafikiana kwamba Sultani wa Unguja abaki na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Mwaka 1895 Waingereza wakaukodi kwake ukanda ulio upande wa Kenya, na jambo hilo halikumalizika hata tarehe 8 Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru wetu, ilipokubaliwa kwamba Mwambao uwe sehemu ya Kenya. Tazama, msomaji, upande waliopima. Maili kumi zile zilihesabiwa kutoka maji kujaa kwenda bara. Upande wa baharini hawakuona haja ya kupima.

Vita Vikuu vya Pili vilipomalizika, desturi ya maili tatu ilianza kuvunjika, na walioivunja kwanza ni wenye nguvu. Mwezi Septemba 1945 Rais Truman wa Marekani alitangaza kwamba mali iliyo chini ya bahari, katika sakafu iliyo mwendelezo wa bara lao, ni ya Marekani. Alikuwa akiwaza mafuta. Chile na Peru zikajibu mwaka 1947 kwa kudai maili 200 za bahari yenye samaki. Mataifa yakaitwa Geneva mwaka 1958 yaandike sheria moja ya bahari. Sehemu kubwa ya Afrika haikuwapo. Kenya wakati huo ilikuwa koloni, na amri ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 ilikuwa haijaondolewa. Kwa hiyo sheria za bahari iliyo mbele ya Malindi ziliandikwa bila mtu wa Malindi kuulizwa.

Mataifa mapya ya Afrika yalipopata uhuru yalikuta jambo la kusikitisha. Meli kubwa za uvuvi za mataifa ya mbali, zenye mitambo ya kugandishia samaki, ziliweza kuvua karibu na pwani zao, zikajaza matumbo yao, zikarudi kwao bila kulipa hata senti. Hilo ndilo lililoitwa uhuru wa bahari. Mtu mwenye mtumbwi na mtu mwenye meli ya chuma waliambiwa kwamba wana haki sawa ya kwenda popote.

Hapo ndipo anapoingia Mkenya niliyemtaja. Jina lake Frank Njenga, mwanasheria wa serikali aliyeshughulika na mambo ya nje. Mwezi Januari 1971 wanasheria wa Asia na Afrika walikutana Colombo, katika kisiwa cha Ceylon kinachoitwa sasa Sri Lanka, naye akaleta mbele yao fikra ambayo ilikuwa njia ya katikati. Upande mmoja walisimama wakubwa waliotaka maji ya kila nchi yawe membamba. Upande wa pili zilisimama nchi zilizodai maili 200 ziwe zao kabisa, kana kwamba ni nchi kavu. Njenga alitenganisha vitu viwili vilivyokuwa vikifungwa pamoja: njia na mali. Njia ibaki ya wote; meli za mataifa zipite, ndege ziruke, nyaya zilazwe. Lakini samaki na madini yaliyomo yawe ya nchi yenye pwani, nayo iwe na mamlaka ya kusema nani avue, kiasi gani, na kwa masharti gani, na iwe na wajibu wa kuyalinda maji hayo yasichafuliwe.

Fikra hiyo ililetwa tena Lagos mwezi Januari 1972, na mwezi Agosti mwaka ule ule Kenya iliiweka Geneva, mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa, ikiwa imeandikwa kwa vifungu vya sheria. Upana wa ukanda huo usizidi maili 200 za bahari. Ni vema wanafunzi wa Kitale wajue maili hizo ni nini: ni kilomita 370, mwendo usiopungua sana ule wa basi kutoka Kitale hata Nairobi. Na ndani ya vifungu hivyo lilikuwamo jambo linalotugusa sisi tuishio karibu na mpaka. Kenya ilipendekeza kwamba nchi jirani zisizo na pwani, ambazo ni changa kama sisi, zipate nafasi ya kushiriki katika samaki wa ukanda huo. Uganda haina pwani, lakini haikusahauliwa.

Nisimpe mtu mmoja sifa isiyo yake peke yake. Nchi za Amerika ya Kusini zilikuwa zimeanza zamani kudai maili 200, na nchi za Karibiani zilileta fikra inayofanana mwaka 1972. Umoja wa Nchi Huru za Afrika nao uliunga mkono mwaka 1973, na bila kura nyingi za Afrika maneno yangebaki karatasini. Hata hivyo jina la ukanda wa uchumi, na namna ya kutenganisha njia na mali, vilitoka katika mkoba wa Kenya. Mkutano mkubwa wa sheria ya bahari ulianza mwaka 1973, na mataifa yakabishana miaka tisa. Tarehe 30 Aprili 1982 mkataba ulipitishwa kwa kura 130, nchi nne zikikataa, Marekani ikiwa mojawapo. Ulitiwa sahihi Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982. Kenya ilitia sahihi siku ile ile, ikauthibitisha mwaka 1989, na mkataba ukaanza kufanya kazi tarehe 16 Novemba 1994. Leo kila nchi yenye pwani, kubwa kwa ndogo, yaweza kutumia kipimo hicho.

Kenya haikungoja mwisho wa mabishano. Mwaka 1972 ilitunga sheria ya maji yake ya karibu yenye maili 12, na mwaka 1979 ikatangaza ukanda wake wa maili 200. Mpaka na Tanzania ulikuwa umekwisha kupatanwa kwa barua mwaka 1975 na 1976, bila kelele, jambo ambalo majirani wengi duniani wameshindwa. Upande wa Somalia haukuwa hivyo. Kenya ilidai mstari unyooke kuelekea mashariki sambamba na ikweta. Somalia ilidai mstari ufuate ulivyolala ufuko, ukielekea kusini-mashariki. Somalia ilipeleka shauri katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2014, na tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama hiyo ikachora mstari wake yenyewe kati ya ile miwili. Sehemu kubwa ya eneo lililogombaniwa ikaangukia Somalia. Kenya ilikuwa imekataa kuhudhuria usikilizaji wa mwisho, na hukumu ilipotolewa ikasema haiitambui. Kabla ya hukumu hiyo ukanda wa bahari ya Kenya ulihesabiwa kuwa kilomita za mraba 142,400 hivi, karibu robo ya ukubwa wa nchi kavu yetu.

Lakini mpaka wa nje ni nusu ya habari. Shamba likishapata hati, bado mwenye shamba hajaamua mahindi yapandwe wapi na ng'ombe walishwe wapi. Katika jambo hili Kenya ilianza mapema: mwaka 1968 sehemu za bahari za Malindi na Watamu zilifanywa hifadhi za taifa, miongoni mwa za kwanza za namna hiyo katika Afrika. Matumbawe yalinusurika. Wavuvi waliokuwa wakivua humo waliambiwa wavue kwingine. Majirani zetu wa Tanzania walijaribu njia iliyo pana zaidi walipounda hifadhi ya bahari ya Mafia mwaka 1995. Hifadhi ile ina kilomita za mraba 822, na vijiji vimo ndani yake, wala havikuhamishwa. Maji yake yamegawanywa namna tatu: mahali pasipovuliwa kabisa, mahali pa kuvua kwa masharti, na mahali pa matumizi ya kawaida. Huo ndio mfano mzuri wa kuwaonyesha wanafunzi, kwa sababu mstari hauchorwi tu kati ya watu na samaki, bali pia kati ya tendo moja na jingine.

Sasa nifike Lamu. Tarehe 2 Machi 2012 marais wa Kenya na Sudan ya Kusini na waziri mkuu wa Uhabeshi walikutana huko kuzindua bandari mpya, itakayokuwa mwisho wa njia kubwa ya kwenda nchi hizo mbili. Mpango ulikuwa wa magati 32 katika ghuba ya Manda. Haja yake haikosi hoja; bandari moja ya Mombasa hubeba mzigo wa nchi nyingi. Lakini ili meli kubwa ziingie, ilipasa mlango wa bahari uchimbwe, mchanga uchotwe, na mikoko ikatwe. Maji hayo ndiyo yale yaliyo ndani ya mwamba, ambamo mvuvi wa Lamu, Pate na Faza hujificha wakati wa kusi. Ramani ya bandari ilionyesha magati na njia za meli. Madiko hayakuonyeshwa.

Watu wa Lamu walikwenda mahakamani mwaka huo huo. Silaha yao ilikuwa Katiba ya mwaka 2010, inayotaka wananchi washirikishwe katika mambo yanayowahusu. Shauri lilichukua miaka sita. Hukumu ilitolewa na Mahakama Kuu ya Malindi tarehe 30 Aprili 2018. Msomaji makini ataona kwamba ni tarehe ile ile ambayo mkataba wa bahari ulipitishwa, miaka 36 kabla yake. Mahakama ilisema kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo wala hawakupewa habari za kutosha, kwamba haki ya mazingira safi na haki ya utamaduni wao zimevunjwa, na kwamba haki ya kuvua waliyorithi kwa mapokeo haikuweza kuondolewa bila fidia. Wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76.

Kila ninapoisoma hukumu ile hukumbuka vifungu vya mwaka 1972. Huko Geneva Kenya iliyaambia mataifa makubwa kwamba uhuru wa bahari si haki ikiwa mmoja ana meli na mwingine ana mtumbwi. Kwamba aliye karibu na maji asikilizwe kwanza. Na hata jirani asiye na pwani akumbukwe. Hoja hiyo hiyo, karibu kwa maneno hayo hayo, ilirudi nyumbani ikiletwa na wavuvi, na safari hii aliyeshtakiwa ni serikali ya Kenya. Sisemi kwamba waliochora bandari walikuwa na nia mbaya. Nasema walichora juu ya karatasi nyeupe, kama walivyofanya wale wa mwaka 1886, na karatasi haikuwa nyeupe.

Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Meli huingia humo. Kwingineko pwani watu hawakungoja serikali: huko Kuruwitu, katika Kilifi, wavuvi wenyewe walifunga sehemu ndogo ya bahari yao, ipatayo hektari 30, wakakubaliana asivue mtu yeyote humo ili samaki wapate kuzaana na kutokea nje. Mwaka 2017 wakapata tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa kazi hiyo. Na visiwa vya Shelisheli, vyenye watu wachache kuliko wilaya nyingi za Kenya lakini bahari ya zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3, vilijadiliana miaka kadhaa na wavuvi, wenye meli na wenye hoteli, hata mwaka 2020 vikatenga asilimia 30 ya bahari hiyo ilindwe.

Baada ya kuwasimulia wanafunzi wangu haya, niliwapa ramani tupu ya ghuba ya Lamu, nikawaambia wapange matumizi yake. Yule aliyeuliza swali ndiye aliyemaliza kwanza. Alikuwa ameweka bandari, njia ya meli, mikoko ya kuhifadhiwa na hoteli mbili. Na eneo la wavuvi ameliweka nje ya mwamba, mahali palipokuwa na nafasi. Msichana mmoja, ambaye baba yake alipata kuwa askari huko Mokowe, aliitazama kazi yake akamwambia kwamba wakati wa kusi hakuna mtumbwi ufikao huko. Kijana akalifuta eneo lile. Akajaribu kulitia karibu na mikoko, ikamlazimu kuisogeza njia ya meli. Akaisogeza njia ya meli, ikapita juu ya matumbawe. Kengele ilipolia alikuwa bado ameshika kifutio.